Kiti Kimoja cha Malkia: Juu ya Uhakiki wa Waimbaji Wanawake wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Mwezi wa Oktoba 2022 alifariki Lady Maureen, mwimbaji wa ohangla kutoka Migori. Waliomlilia walimwita malkia wa ohangla, kama walivyokuwa wakimwita katika uhai wake. Jina hilo lilitolewa kwa mapenzi, wala si nia ya makala haya kuwanyang'anya wafiwa neno lao. Hata hivyo, mtu anayefundisha uhakiki hana budi kujiuliza neno hilo linatuambia nini. Je, linatuambia jinsi alivyoiweka sauti yake juu ya mlio wa ngoma? Linatuambia alivyotunga, alivyosifu, alivyoujua umati uliosimama mbele yake? Haligusi hata moja kati ya hayo. Linatuambia mahali alipoketi. Na kwa kuwa kiti cha malkia huwa kimoja, linatuachia swali moja tu la kuuliza baada ya matanga: ni nani sasa atakayekikalia?

Katika makala haya nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba maneno tunayoyatumia kuwapima waimbaji wanawake ni maneno ya ukoo na ya enzi, na ni machache mno yanayohusu kazi yao. Pili, kwamba muziki wenyewe wa ziwani una mizani yake ya kusifu na kulinganisha, nayo ni mizani iliyo bora kuliko hii tuliyoiazima. Mifano yangu mingi inatoka Migori na Homa Bay, sehemu ambazo zamani zilikuwa katika wilaya ya Nyanza Kusini na ambazo tangu 2013 ni kaunti mbili. Upande huo unafaa kwa uchunguzi wetu. Migori peke yake imehusishwa na Princess Jully wa benga, Lady Maureen wa ohangla na Akothee wa muziki wa kizazi kipya. Watatu hawa hawafanani kwa mtindo wala kwa njia waliyoipita, lakini husemwa kwa maneno yale yale.

Sababu ya kuandika ni ya darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana aliyezaliwa upande wa Ndhiwa, aliniletea insha iliyowalinganisha waimbaji wanawake wawili wa ohangla. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri. Alieleza mavazi yao, ndoa zao, umri wao na ugomvi unaodhaniwa kuwa kati yao, kisha akampa mmoja ushindi. Nilipomwuliza ni wimbo gani aliouchambua, alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, ndivyo wanavyoandikwa." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nilikumbuka tasnifu yangu mwenyewe ya shahada ya pili niliyoiandika ng'ambo. Humo niliwatengea wanaume sura tatu kwa kufuata mitindo yao ya utunzi, na wanawake nikawakusanya wote katika sura moja iliyoitwa "Waimbaji wa Kike". Waliwekwa pamoja kwa sababu ya jinsia yao tu. Mimi sikuliona kosa hilo, na walionisahihisha hawakuliona.

Mwanamke kama wimbo

Ili tuelewe mizani inayotumika, ni lazima tuanze kabla mwanamke hajashika maikrofoni. Katika benga mwanamke alikuwa wimbo kabla ya kuwa mwimbaji. Nyimbo nyingi za benga zina majina ya wanawake, na mara nyingi jina la mtu hufuatwa na jina la kwao au sifa ya umbo lake. Okatch Biggy wa bendi ya Heka Heka ana wimbo juu ya Helena mwenye macho makubwa, "Helena Wang'e Dongo". Ana mwingine juu ya Adhiambo wa Kobura, "Adhiambo Nyakobura". D. O. Misiani wa Shirati Jazz naye alimwimba Beatrice Achieng. Hawa ni wachache tu kati ya wengi.

Yafaa tuyatazame majina haya kama wanaisimu. Katika Kijaluo kiambishi *ja-* hutaja mtu kwa kazi yake: *japuonj* ni mwalimu, *jathum* ni mwanamuziki. Kiambishi hiki cha kazi hakibagui. Mwalimu mwanamke ni *japuonj* na mwanamuziki mwanamke ni *jathum*. Lakini tunapotaja asili ya mtu, lugha hiyo hiyo hutenganisha: mwanamume wa Gem ni *ja-Gem*, na mwanamke wa Gem ni *nyar Gem*, yaani binti wa Gem. Hivyo basi Kijaluo kinampa mwanamke majina ya namna mbili. Jina la kazi analishiriki na mwanamume sawa kwa sawa. Jina la asili linamtaja kama binti wa mahali fulani.

Tusiwe wepesi kuidharau namna hii ya pili. Mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa mbali huendelea kuitwa kwa kwao. Ndoa haimfuti jina la nyumbani. Kuna heshima ndani yake, na kuna siasa pia, maana anapoimbwa yeye umeimbwa ukoo wake wote, na ndugu zake wakiwapo watasimama kucheza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wapenzi wa muziki, na wahakiki nyuma yao, walipompata mwanamke aliyekuwa *jathum*, walimwacha *jathum* wakamchukua *nyar*. Walimpokea kama alivyokuwa katika nyimbo za wanaume: macho, mwendo, kwao na mume. Mtu aliyetoka ndani ya wimbo akawa mwenye kuuimba, lakini mizani haikubadilishwa.

Sisi wa Kiswahili hatuna ruhusa ya kucheka. Lugha yetu haina jinsia katika viwakilishi wala katika upatanisho wa kisarufi. *Mwimbaji, malenga, manju, mghani, fundi, bingwa* yote ni maneno ya watu wote. Hata hivyo tunaandika "mwimbaji wa kike" bila kufikiri, na ni nadra kuandika "mwimbaji wa kiume". Sarufi imetuachia mlango wazi, nasi tumesimama pale tukaweka bawabu.

Taji kama pambo, taji kama hoja

Baada ya majina ya asili kuna majina ya enzi: Princess, Lady, Queen, malkia. Majina haya yana historia. Wajaluo hawakuwa na ufalme mmoja. Walikuwa na *ruoth* wa sehemu mbalimbali, na hadhi ya mtu ilitegemea ukoo, mifugo, ukarimu na ulimi. Malkia alikuja pamoja na Waingereza, picha yake ikatundikwa ofisini na shuleni, kisha mashindano ya urembo yakamvika taji msichana mmoja na kuwarudisha wengine nyumbani. Kutoka huko neno limeingia katika mabango ya maonyesho na likawa la kila siku. Kwa hiyo anayesema kwamba kuwavika wanawake taji ni desturi ya jadi hajasema kweli. Ni desturi mpya, na ina kanuni yake ndani: atakayevikwa ni mmoja.

Pana pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wanaume nao wana majina ya enzi. Ni kweli. Misiani aliitwa mfalme wa benga, Prince Jully alijiita mwana wa mfalme, na leo yuko Prince Indah katika ohangla. Lakini tutazame yanayofuata baada ya jina. Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania wa mpaka ule ulio karibu na Migori, na aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 2006, husemwa kwa mambo mengi zaidi ya ufalme wake. Watu hubishana juu ya upigaji wake wa gitaa. Hubishana juu ya mafumbo yake ya wanyama na visa vya Biblia: ni mkubwa gani aliyelengwa katika wimbo upi, na kwa nini nyimbo hizo zilimtia matatani na serikali. Kwake yeye, taji ni pambo lililowekwa juu ya hoja. Kwa mwanamke, taji ndilo hoja yenyewe. Likishatajwa, mazungumzo yamekwisha, au yanageuka kuwa ya kumtafuta mshindani wake.

Pingamizi ya pili ni kwamba majina haya huchaguliwa na wanawake wenyewe. Hili nalo ni kweli, na ni zito zaidi. Akothee, ambaye jina lake ni Esther Akoth, alijitangaza kuwa rais wa akina mama wanaolea watoto peke yao. Mtu anaweza kulicheka jina hilo, lakini akilichunguza ataona limefanya kazi ya ujanja. Jambo ambalo jamii ingelitumia kumhukumia, yaani kulea bila mume, yeye amelitwaa kwanza na kulifanya cheo. Tena si cheo cha kumtenga na wenzake, kwa maana rais hupata urais wake kutoka kwa wale anaowawakilisha. Hapa jina ni ngao. Lakini ngao huonyesha kwamba mishale ipo. Mwanamuziki mwanamume mwenye watoto hana haja ya kujitangazia urais wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna anayeanza kuusikiliza wimbo wake kwa kuuliza nani anamlelea wanawe. Msanii ana haki ya kuchagua ngao yake. Mhakiki, ambaye hauzi tikiti za onyesho, hana haki ya kuitumia ngao hiyo badala ya macho.

Habari ya "Dunia Mbaya"

Hasara ya mizani hii inaonekana wazi katika habari ya Princess Jully. Jina lake la nyumbani ni Lilian Auma. Mume wake, Prince Jully, alikuwa kiongozi wa bendi, na alipofariki mwaka 1997 mjane aliishika bendi hiyo akawa mwimbaji na kiongozi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wimbo "Dunia Mbaya" aliouimba ulienea Kenya nzima, katika matatu, katika baa na katika sherehe. Ulikuwa wimbo wa kuonya juu ya Ukimwi.

Tangu hapo amesemwa kwa namna tatu. Amesemwa kama mjane: yule aliyeachiwa bendi. Amesemwa kama mchezaji: namna anavyokata kiuno. Na amesemwa kama mrithi wa cheo, kwa kuwa Princess ni jina linalomfuata Prince. Zote tatu ni kweli, na zote tatu zinauacha wimbo pembeni.

Hebu tuuchukue wimbo kwa jina lake tu. *Dunia mbaya* ni maneno mawili yasiyo na *ni* katikati. Yanaweza kusomwa kama kirai, yaani dunia iliyo mbaya. Yanaweza pia kusomwa kama sentensi kamili, yaani hukumu iliyokwisha kutolewa. Mfano wa pili ndio wa methali zetu, ambazo hupenda kukiacha kitenzi ili tamko lisimame kama jiwe. Tena neno *dunia* si neno jepesi katika ushairi wa Kiswahili. Tangu *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, dunia imelaumiwa kwa udanganyifu wake: hupendeza, hupumbaza, kisha humtupa aliyeipenda. Mwimbaji wa Migori, ambaye hakulelewa katika misikiti ya Lamu wala hakuhitaji kulelewa humo, ameishika dhamira ile ile na kuipeleka mahali ambapo udanganyifu wa dunia ulikuwa na sura mpya. Raha na mauti zilikuwa zimelala kitanda kimoja. Fumbo la kale likawa habari ya kila kijiji.

Pili, uko uchaguzi wa lugha. Kwa nini Kiswahili? Anayeujua mji wa Migori hatashangaa. Mji huo uko kwenye barabara ya Isebania, mpakani mwa Tanzania. Sokoni mwake Mjaluo hukutana na Mkuria, Mkisii, Mluhya, Msomali na mtu wa Tarime, na biashara yao hufanyika kwa Kiswahili. Ugonjwa nao ulisafiri kwa barabara hiyo hiyo, kwa malori na kwa biashara ya samaki. Onyo lililotolewa kwa Kijaluo lingewafikia Wajaluo. Onyo la Kiswahili lilikwenda hadi lilikofika gonjwa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha bara katika muziki wa namna hii hakina ufasaha wa pwani. Nami nitawauliza ufasaha ni nini, ikiwa si neno kufika mahali pake kwa wakati wake.

Tatu, uko wakati. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Katika miaka iliyotangulia watu wengi walizikwa kwa maradhi yasiyotajwa jina, na aliyeyataja mbele ya watu alionekana kuleta aibu. Homa Bay na Migori, pamoja na kaunti nyingine za kandokando ya ziwa, zimekuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa kupita zote nchini. Mwanamke aliyesimama jukwaani wakati huo, tena mjane, akawaonya watu wazima juu ya vitanda vyao, alijitwika mzigo mkubwa. Mjane katika jamii ile alikuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Yeye akalitumia jicho hilo kuwafanya wamsikilize. Mhakiki anayemwita Princess na kusimama hapo ameikosa fani, ameyakosa maudhui, na ameikosa historia.

Fundisho la Unguja

Tatizo hili halikuanza ziwani. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili walikutana nalo zamani Unguja, na dawa yake tumewahi kuiona. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kupanda kutoka ufukara hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, alipimwa kwa sura yake na kwa nasaba yake. Kejeli ziliimbwa juu yake, naye alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, kubwa ni akili. Alifariki mwaka 1950. Kisha Shaaban Robert akamwandikia *Wasifu wa Siti binti Saad*. Umuhimu wa kitabu hicho kwetu ni kwamba mwandishi mkubwa wa Kiswahili alimwona mwimbaji mwanamke kuwa mtu anayestahili kitabu kizima, akamweka katika mizani ya utu, bidii na sanaa. Sisi tuliokuja baadaye tumeunukuu wasifu huo mara nyingi kuliko tulivyouiga.

Ushahidi wa kutouiga ni habari ya Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Alitajwa karibu daima kama mrithi wa Siti au kama kikongwe wa ajabu anayevuta sigara. Ni kweli kwamba aliziimba nyimbo za Siti. Lakini alikuwa pia mwalimu wa unyago na mpiga ngoma, na sehemu hiyo ya kazi yake haiwezi kulinganishwa na Siti kwa kuwa ni sanaa nyingine. Ulinganishi ulimpa heshima kwa mkono mmoja na kumficha kwa mkono wa pili.

Huko ziwani ulinganishi wa namna hiyo umevuka hata bahari. Suzanna Owiyo wa Nyakach, aliyejulikana sana kwa wimbo wake wa maadhimisho ya miaka mia ya mji wa Kisumu mwaka 2001, ameitwa mara nyingi Tracy Chapman wa Kenya. Nia ni kumsifu. Lakini Chapman hakupiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume, na ambayo Owiyo ameithubutu. Jambo analotuzidishia Owiyo ndilo hasa ambalo sifa hiyo haiwezi kulisema.

Mizani ya pakruok

Baada ya kulalamika, yatupasa kujenga. Ni mizani gani tuitumie? Nadhani hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa muziki wa Kijaluo wenyewe una sanaa ya kusifu iliyokomaa, nayo ni *pakruok*.

Neno hilo limetokana na *pako*, kusifu, na lina maana ya kujisifu. Katika onyesho la nyatiti, la ohangla au la benga, msikilizaji hujitokeza, hutoa fedha, na muziki husimama au hushuka. Kisha yeye hujitaja, au humtaja rafiki, mpenzi au ukoo wake, kwa mfululizo wa mafumbo na tashbihi. Hujifananisha na mnyama, na mti, na maji ya ziwa, na jambo lisilowezekana ila kwake. Umati huitikia. Ikiwa fumbo ni zuri, mwimbaji hulipokea na kulipamba. Ikiwa ni la kuazima au limechakaa, hucheka naye akaenda zake. Kisha ngoma inarudi, na mwingine anakuja.

Tuangalie kanuni tatu za mizani hii. Kwanza, sifa ina wengi. Aliyejisifu sasa hivi hakumwondoa aliyejisifu kabla yake. Wote wawili wanarudi kwenye viti vyao wakiwa wakubwa kuliko walivyoondoka. Pili, ulinganishi hufanywa kwa taswira. Mtu halinganishwi na jirani yake ili mmoja ashindwe, bali hulinganishwa na chui au na mvua ili aonekane. Tatu, sifa hupimwa kwa umahiri wa lugha yake. Fedha hukununulia nafasi ya kusema, lakini haikununulii fumbo zuri.

Sasa tumweke mwanamke katikati ya onyesho hilo akiwa ndiye *jathum*. Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo neno malkia linalifunika. Ohangla ilikuwa ngoma ya matanga na ya pombe, ya watu wazima, na wanaume ndio walioiongoza. Hata ilipoenea mijini baada ya mwaka 2000 kwa nguvu za akina Tony Nyadundo, nafasi iliyozoeleka ya mwanamke jukwaani ilikuwa kucheza na kuitikia. Mwanamke anapoongoza, mambo yanapinduka. Mwenye lori, mfanyabiashara wa samaki na mwanasiasa huja mbele yake na fedha mkononi wakisubiri kutajwa. Yeye ndiye anayeisimamisha ngoma. Yeye ndiye anayeamua jina litamkwe mara moja au lirudiwe, lipambwe au lipitiwe juu juu, na ngoma irudi lini. Yule tuliyezoea kumhukumu amekuwa hakimu. Mwanamke aliyekuwa sifa ndani ya wimbo wa mwanamume sasa ndiye mgawaji wa sifa.

Sisemi kwamba mamlaka hayo ni makubwa kuliko fedha inayoyalipia. Usiku ukiisha mwenye lori atabaki na lori lake, na mwimbaji aliyewataja matajiri mia huenda akakosa nauli ya hospitali. Lakini kwa saa zile chache ana kazi ya kiufundi isiyo ndogo: kukumbuka majina na koo, kubadilisha vina papo hapo, kuupima umati, kulinda heshima yake bila kumfukuza mteja. Hiyo ni fani, tena inaweza kuelezwa. Mwanafunzi akitaka kulinganisha waimbaji wawili, na alinganishe namna wanavyoipokea pakruok. Atapata tofauti za kweli, na hatahitaji kumvua mtu taji.

Wala asidhani kwamba sanaa hii kwa wanawake ni ya jana. Katika *dodo* wanawake wa Kijaluo waliongoza na kuitikiana, wakisifu na kudhihaki, tangu kabla ya gitaa kufika. Ogoya Nengo wa Siaya, ambaye rekodi zake zilitolewa Ulaya mwaka 2014, ni mmoja wa waliotuhifadhia sauti hiyo. Maombolezo ya matanga nayo yalikuwa na mabingwa wake wanawake. Lady Maureen na wenzake hawakuingia katika nyumba ya watu wengine. Walirudi kwao kwa mlango mwingine.

Hitimisho

Napendekeza basi mambo machache kwa walimu wenzangu. Tuliache neno "wa kike" mpaka pale ambapo jinsia ndiyo mada. Tuwaite waimbaji hawa kwa majina ya kazi ambayo lugha zetu zimetupa tayari: *jathum*, manju, malenga, fundi. Tusikubali insha ya ulinganishi isiyotaja wimbo hata mmoja kwa undani. Na nyimbo za Kiswahili zilizotungwa Migori, Homa Bay na Kisumu ziingie katika mitaala yetu ya fasihi simulizi kama nyimbo za Kiswahili, badala ya kusubiri idara za sosholojia ziziokote kama ushahidi wa maradhi na ndoa.

Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi yanasema hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika pombe na ngoma, akatokea bibi kizee mchovu akiomba hifadhi. Walimtazama, wakaona uzee na matambara, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi akamwonya aondoke na watu wake. Mvua ikanyesha, na kijiji pamoja na ngoma yake kikazama. Masimulizi hayo kwa kawaida hufundishwa kama onyo dhidi ya uchoyo. Nadhani ni onyo pia juu ya kutazama. Watu wale walikuwa na macho, na walimwona mgeni wao vizuri sana: umri wake, nguo zake, na kwamba hakuwa na mume wa kumsemea. Walichokosa ni kumsikiliza alichokuwa amekuja kukisema.